Tunalipia spea, hatulipii akili

Jamani, leo naomba tuongee habari za magari. Najua wengi wenu mkipita hapa mnatafuta siasa na vituko vya mjini. Msikimbie. Hii nayo ni siasa, tena siasa ya mifukoni na mapafuni. Na msiniulize mwandishi wa daladala anajua nini kuhusu magari. Kazi yangu ni kuuliza maswali, na hili nimeliuliza mpaka mafundi kadhaa wakanichoka.

Mnaijua ile taa ya njano kwenye dashibodi, yenye umbo la injini? Ikiwaka, mwenye gari anakimbilia gereji. Fundi anachomeka kimashine chini ya usukani, mashine inasoma namba, tuseme P0442. Mafundi wetu namba hizi wanaziita kodi (si zile za TRA, ingawa nazo zinakamua vilevile). Hapohapo hukumu inatoka: "Bosi, hiyo vali imekufa, toa hela kijana akachukue nyingine Kariakoo." Vali inafungwa, kodi inafutwa, taa inazimika, watu wanapeana mikono. Siku chache baadaye taa hiyo imerudi. Safari hii mchawi ni mfuniko wa tenki. Ikirudi tena, mchawi ni sensa. Mwisho wa yote unashauriwa taa izibwe kwa kipande cha selotepu nyeusi, usiione, ulale usingizi.

Nasema bila kumung'unya maneno: huo si ufundi. Ni kamari inayochezwa kwa fedha ya mtu mwingine. Lakini subirini kidogo kabla hamjashangilia, maana wenye magari nao nawafikia.

Kwanza tuelewane namba hiyo inasema nini. Petroli ni kimiminika chenye haraka ya kugeuka mvuke. Liache gari juani, hata kama limezimwa, mafuta ndani ya tenki yanafuka. Zamani mvuke huo uliachwa utoke tu hewani. California ikaanza kuwabana watengenezaji kwa magari ya modeli za 1970, na Marekani nzima ikafuata kwa modeli za 1971. Tangu hapo tenki limefungwa, na mvuke unapelekwa kwenye kopo lililojaa mkaa maalumu wenye vitundu vidogo mno, unaounasa na kuuhifadhi. Ukiwasha gari na injini ikapata moto, kompyuta inafungua vali moja upande wa injini. Injini inavuta hewa safi kupitia kwenye mkaa, hewa inabeba ule mvuke, unakwenda kuchomwa pamoja na mafuta mengine. Hakuna kinachopotea. Ni akili tupu, na ni petroli yako mwenyewe uliyoilipia.

Magari yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli za 1996 yanatakiwa kuwa na kompyuta inayojichunguza, na kati ya vitu ambavyo ikaanza kuvichunguza miaka hiyo ni huo mfumo wa mvuke. Inafanyaje? Kwenye magari mengi inafunga njia ya hewa ya kopo, inaacha injini ivute mpaka hewa ndani ya tenki ipungue, kisha inafunga kila kitu na kutazama. Hewa ikirudi haraka kuliko inavyotakiwa, kuna pahali panavuja. Mwanzoni kipimo kilikuwa tundu la milimita 1. Kuanzia modeli za mwaka 2000 California ikaanza kudai kompyuta igundue hata tundu la nusu milimita. Nusu milimita! Chukua rula uitafute kwa macho.

Sasa P0442 maana yake ni moja: kuna uvujaji mdogo. P0455 ni uvujaji mkubwa. P0456 ni mdogo sana. Hakuna hata moja kati ya namba hizo tatu inayosema "badilisha vali". Zinasema kuna tundu. Wapi? Hazijui. Inaweza kuwa raba ya mfuniko iliyokauka, mpira uliopasuka juu ya tenki, kopo la mkaa lililogongwa na jiwe, vali isiyofunga vizuri, au shingo ya tenki iliyoliwa na kutu.

Sisi waandishi tuna jina la habari ya namna hiyo. Inaitwa fununu. Mtu anapiga simu chumba cha habari usiku: "Kuna wizi kwenye ofisi fulani." Mwandishi mwenye akili timamu haandiki jina la mhasibu kwa kuwa tu mhasibu ndiye anayeshika fedha. Anakwenda, anauliza, anatafuta karatasi. Akiandika bila hivyo, mhariri makini atamtupia stori yake usoni. Fundi anayebadilisha vali kwa sababu mashine imesoma P0442 amechapisha fununu ukurasa wa mbele.

Nina binamu yangu, mwalimu wa sekondari, aliyenunua mkononi mwa mtu gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani. Taa ikawaka, namba ni hiyohiyo. Gereji aliyokwenda siitaji. Akabadilishiwa mfuniko, akabadilishiwa vali, akaambiwa sasa ni sensa. Alipouliza kwa upole, "Fundi, una uhakika?" akajibiwa, "Mwalimu, kompyuta haidanganyi." Ni kweli, haikudanganya. Ilisema kuna tundu na tundu lilikuwepo. Fundi mwingine, mzee mmoja asiye na maneno mengi, alilala chini ya gari na tochi na kipande cha kioo, akapitisha vidole kwenye mipira yote mmojammoja. Mpira mmoja juu ya tenki ulikuwa umepasuka pale unapobanwa na klipu. Alikata sehemu iliyooza, akabana upya. Taa haijarudi. Na mzee yule alilipwa kidogo kuliko bei ya ile vali isiyokuwa na kosa.

Hebu isomeni tena sentensi hiyo ya mwisho. Ugonjwa wetu uko pale.

Fundi aliyekosea mara tatu alipata hela mara tatu. Aliyepatia mara moja alipata hela ya maji. Kwa nini? Kwa sababu mwenye gari wa Kitanzania hajawahi kukubali kulipia kutafuta. Mwambie, "Nitahitaji saa mbili kulichunguza, gharama yake ni hii," atakucheka: "Yaani nikulipe kwa kuangalia?" Lakini mpe boksi lenye kifaa kipya, hata kama ni feki, atatoa pochi, kwa sababu boksi analishika mkononi. Tunalipia chuma, akili tunataka ya bure. Halafu tunashangaa kwamba gereji zimejaa chuma na akili hakuna! Nasi kwenye magazeti si bora sana. Mwandishi wa kujitegemea analipwa kwa stori iliyotoka, halipwi kwa siku tatu alizotumia kugundua kwamba stori ni ya uongo. Matokeo yake mnayasoma kila asubuhi.

Fundi atanijibu: dogo, unasema tu, mashine ya moshi tutaitoa wapi? Ni hoja ya haki, tuijibu. Mashine ya moshi ndiyo njia nzuri zaidi. Unaziba njia ya hewa ya kopo, unaingiza moshi mwepesi kwenye mfumo, unazunguka na taa kali mpaka uone unakotokea. Penye moshi pana tundu. Ila nyingi kati ya kasoro hizi zinapatikana kabla ya kufika huko.

Anza na mfuniko wa tenki: raba imepasuka? Imekauka? Unafunga mpaka unalia? Fuata mipira kuanzia kwenye injini mpaka kwenye tenki, hasa kwenye maungio. Kisha vali ya upande wa injini. Hiyo isipopewa umeme inatakiwa iwe imefunga. Itoe, jaribu kuivuta hewa kwa pampu ndogo ya mkono, si kwa mdomo. Hewa ikipita, umeipata. Vali ya upande wa pili, ile ya kuingiza hewa safi, kwenye magari mengi bila umeme inakuwa wazi na ikipewa umeme inafunga. Tena msikilize dereva! Gari linasumbua kuwaka kila likitoka kujaza mafuta? Ishuku ile vali ya injini, huenda imekwama wazi. Pampu ya kituoni inakatakata kabla tenki halijajaa? Ishuku njia ya hewa. Masikio hayauzwi Kariakoo.

Na hapa nawaomba mafundi kwa magoti: msiunganishe kompresa ya matairi kwenye mfumo huu. Kipimo cha moshi kinatumia mgandamizo usiofika hata psi 1. Tairi la gari dogo linabeba kama psi 30. Mtapasua vilivyokuwa vizima, na mbaya zaidi mtachanganya hewa na mvuke wa petroli ndani ya tenki, ambao ukikutana na cheche ni msiba. Gereji makini zinasukuma moshi huo kwa naitrojeni au kabondayoksaidi kwa sababu hiyo. Na sigara zikae mbali.

Kuhusu kufuta kodi, nitasema waziwazi ili mwenye gari asidanganywe tena. Ukifuta, taa inazimika kwa sababu kompyuta imesahau. Tundu liko palepale. Ili ijipime upya inasubiri mazingira yake: injini iwe imepoa, tenki lisiwe karibu tupu wala limejaa pomoni. Kwa kawaida inataka kushindwa mara mbili ndipo iwashe taa. Hizo ndizo zile siku chache za furaha. Fundi anazijua. Wewe ndiye ulikuwa huzijui.

Kuna atakayesema, "Bwana mdogo, magari yetu mengi ni ya Japani, taa hiyo hatuioni." Sawa, upimaji wa uvujaji ulizaliwa kwenye sheria za Marekani, na namba hizi utazikuta zaidi kwenye magari ya soko la huko. Lakini kukosa taa si kukosa tundu. Kopo la mkaa, vali na mipira vimo kwenye magari mengi ya Japani pia, na mpira uliochoka kwa joto hauulizi umetengenezwa wapi. Tofauti ni kwamba lako linavuja kimyakimya. Pua yako ndiyo taa. Ukisikia harufu ya petroli kila asubuhi kwenye maegesho, usiseme ni kawaida ya gari.

Maana si kawaida. Ndani ya mvuke wa petroli mna benzini, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kwenye kundi la kwanza, yaani inajulikana kwa hakika kwamba husababisha saratani kwa binadamu. Mvuke huohuo ukikutana angani na moshi wa magari mengine na jua kali, unazaa ozoni ya chini inayochoma mapafu. Arie Haagen-Smit alilithibitisha jambo hilo kule Los Angeles mwanzoni mwa miaka ya 1950. Na jua, sote tunajua, Dar tunalo la kutosha. Nani anavuta zaidi? Saidia fundi wa miaka kumi na saba anayenawa mikono kwa petroli. Kijana wa pampu. Mtoto anayelala chumba kilichopakana na gari linalovuja. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuachana na petroli yenye risasi, na ilipofika mwanzoni mwa 2006 ilikuwa imeondoka. Kwa hiyo tusiambiane kwamba mambo ya hewa ni ya Wazungu. Tulishaweza kubwa kuliko hili.

Basi, wenye magari: kabla ya kununua kifaa chochote, muulize fundi swali moja, "Umejuaje?" Akisema "mashine imesema", ondoa gari. Akikuonyesha mpira uliopasuka, au vali inayopitisha hewa wakati haitakiwi, mlipe, na saa zake mlipe. Pampu ikikata yenyewe, mwambie kijana aache hapohapo, asiongezee ili hesabu itimie, kwani mafuta ya ziada yanaweza kuzama kwenye mkaa na kuliua kopo zima.

Mafundi: wekeni bei ya uchunguzi ubaoni, tofauti na bei ya spea, na msione aibu kuidai. Daktari anadai ya kwake hata kabla hujaingia dirisha la dawa. Mkiendelea kula kwenye spea peke yake, siku mteja akijifunza kununua spea mwenyewe mtabaki na nini?

Uwanja ni wenu. Fundi mwenye hasira aje, nitamjibu. Ila aje na tundu mkononi, asije na namba.