Bukavu: Mti ni wa mwenye parsele, nyumba inayopondwa ni ya mpangaji

Kila mwaka mvua zikirudi mwezi wa tisa, maneno ni yale yale. Upepo umepiga usiku, mkaratusi umeanguka juu ya mabati, na asubuhi mwenye parsele anafika akisema ni mapenzi ya Mungu. Kisha anauza mti ule ule kwa wachoma makala. Mpangaji anabaki akiokota masufuria kwenye matope.

Mungu asisingiziwe. Mara nyingi mti huonya kabla ya kuanguka. Udongo unapasuka upande wa juu wa shina, uyoga unaota kwenye mizizi, matawi ya juu yanakauka, mti uliokuwa wima unaanza kulala. Wa kwanza kuona hayo ni wale wanaolala chini yake: wapangaji, na familia zilizokimbia vita ambazo zimepokelewa katika vyumba vya nyuma huko Kadutu, Bagira au Panzi. Wakisema, wanajibiwa kwamba mgeni hana neno katika parsele ya watu.

Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 260 cha kitabu cha tatu cha sheria ya raia, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kinasema mtu anawajibika kwa hasara inayoletwa na vitu vilivyo chini ya ulinzi wake. Mti wa parsele una mlinzi wake, na mlinzi huyo ndiye anayepokea pesa ya nyumba kila mwezi. Kama anajua kuhesabu miezi, ajue pia kuhesabu matawi makavu.

Wengine wakiogopa wanakimbilia kosa la pili: wanakata yote na kung'oa hata visiki, kwa sababu kisiki nacho ni makala. Kwenye mteremko kama wa Kadutu, huko ni kumchimbia jirani wa chini kaburi. Kisiki cha mkaratusi kikiachwa kinachipuka tena, na mizizi yake inaendelea kushika udongo. Familia zilizotoka Kalehe hazihitaji kufundishwa. Tarehe 4 Mei 2023, maji na mawe vilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, wakafa watu zaidi ya 400. Mvua ya siku ile ilikuwa kubwa, na hakuna anayeweza kusema miti peke yake ingeizuia. Lakini aliyeona mlima ukishuka hachezi na udongo ulio wazi.

Tena kuna hii tabia ya kuita vijana wawili wenye panga, kuwapa pesa ya sukari, na kuwaambia wamalize kabla ya saa sita. Hawana kamba, hawana kofia ngumu, na watoto wa avenyu nzima wamesimama chini wanatazama. Kijana akianguka, nani atalipa hospitali? Mkataji anayejua kazi anaanza juu. Anafunga tawi kwa kamba, analikata kwanza kidogo upande wa chini ili lisipasue shina, ndipo anakata upande wa juu na kulishusha polepole. Karibu na waya za umeme hapandi mpaka SNEL imekata moto. Naye hanyoi mti kichwa chote, maana machipukizi yanayoota pale yanashika vibaya na ndiyo yanayovunjika upepo ukija. Mwavoka wenye matawi mazito, mara nyingi kuupunguza kunatosha. Kuuangusha ni kuwanyima watoto chakula bure.

Kazi hiyo ina bei, na bei si ya mpangaji. Si ya mama aliyefika na godoro moja kichwani. Ni ya mwenye parsele, na wakati wake ni kiangazi, udongo ukiwa mkavu.

Viongozi wa avenyu, ambao hawakosi kupita wakati wa salongo, wangeweza kutazama pia miti. Wasipopita, mpangaji aandike barua: mti uko wapi, umeonyesha nini, tarehe gani. Nakala moja kwa mwenye parsele, nyingine kwa kiongozi wa avenyu, ya tatu aibaki nayo ikiwa na sahihi ya aliyepokea. Siku mti ukianguka, mwenye parsele hataweza kusema hakujua.