Beki Aliyekaa Miaka Kumi Katika Timu ya Kushindwa



Leo nazungumza na wewe unayejiuliza, "Mchungaji, nitakaa hapa mpaka lini?" Unatumika katika idara ambayo haikui. Ushirika wa nyumbani mlianza mkiwa kumi na wawili, sasa mko watano. Duka unalifungua kila asubuhi, lakini kinachonenepa ni daftari la madeni. Umeomba, umefunga, umetoa. Na kuna sauti inakuambia: ungekuwa mwaminifu kweli, ungekuwa umeshaona matokeo.

Maoni yangu ni haya: sauti hiyo ni ya uongo. Na inasikitisha kwamba mimbari nyingi za siku hizi zinaipa spika.

Nikupe mfano kutoka mbali kidogo. Kule Marekani wana mchezo wao wa mpira, unafanana na raga, isipokuwa wachezaji huvaa helmeti na mpira unaruhusiwa kurushwa mbele. Kuna mchezaji anaitwa Aeneas Williams. Ukisoma Matendo 9 utakutana na mwenye jina hilo hilo, Ainea, aliyeponywa kule Lida. Huyu wa Marekani alizaliwa New Orleans mwaka wa 1968, akaenda Chuo Kikuu cha Southern kusomea uhasibu. Hakualikwa na kocha yeyote. Miaka miwili ya kwanza chuoni hakucheza. Alipofika mwaka wa tatu akajipeleka mwenyewe kwenye timu na kuomba nafasi. Mwaka wa 1991 timu ya Cardinals, kule jimbo la Arizona, ikamchagua. Wachezaji 58 walikuwa wameshaitwa kabla yake.

Kazi yake ilikuwa beki wa pembeni. Elewa kazi hiyo. Mshambuliaji wa upande ule mwingine anajua anakokimbilia, beki hajui. Yeye anatakiwa kumfuata, wakati mwingine akikimbia kinyumenyume, na kuhakikisha pasi haifiki. Akifanya kazi vizuri sana, wapinzani wanaacha kabisa kurusha mpira upande wake. Maana yake ni kwamba siku yake bora zaidi inaweza kuwa siku ambayo hakuna aliyetaja jina lake. Akikosea mara moja tu, uwanja mzima unamwona.

Mama unayeombea familia yako usiku, hapo umejiona? Ajali ambayo haikutokea haina picha. Kijana ambaye hakuingia kwenye dawa za kulevya hatolewi ushuhuda Jumapili. Beki hapigiwi makofi kwa bao ambalo halikuingia.

Sasa sikia jambo lenyewe. Williams alikaa na Cardinals misimu kumi, 1991 hadi 2000. Katika misimu hiyo kumi, ni mmoja tu, ule wa 1998, ambao timu ilishinda mechi nyingi kuliko ilizopoteza. Mmoja! Misimu minne walishinda mechi 4 na kupoteza 12. Lakini katika miaka hiyo hiyo ya aibu, yeye alichaguliwa mara sita mfululizo, kuanzia 1994, kucheza mechi ya nyota wa ligi. Ubao wa matokeo wa timu ulikuwa mbaya. Uaminifu wake haukuusubiri ubao huo ubadilike.

Msimu wake wa mwisho pale, wa mwaka 2000, ndio uliokuwa mbaya kuliko yote: mechi 3 za kushinda, 13 za kupoteza. Tarehe 5 Novemba mwaka huo, wakicheza na Washington, mpira ulimponyoka mpinzani, ukaishia ndani ya eneo la mwisho la Cardinals. Williams, mwenye umri wa miaka 32, akauokota na kukimbia nao yadi 104, kama mita 95, uwanja mzima, akafunga. Alikuwa ameifikia rekodi ya ligi iliyowekwa mwaka wa 1972. Cardinals walishinda 16 kwa 15.

Hebu jiulize. Timu haiendi popote. Msimu umeshakufa. Nani angemlaumu kama angelala tu juu ya mpira?

Biblia ina mtu kama huyo. Fungua 2 Samweli 23, mstari wa 11 na 12, umsome Shama mwana wa Agee. Wafilisti walikusanyika, watu wakakimbia, na Shama akasimama katikati ya shamba akalitetea. Na lilikuwa shamba la nini? Dengu! Halikuwa hekalu, wala halikuwa jumba la mfalme. Ni dengu, mpendwa, chakula cha kawaida tu cha kupika na kula. Mwenye akili za hesabu angesema shamba la dengu halistahili damu ya mtu. Shama hakupiga hesabu ya thamani ya shamba. Alijua tu kwamba zamu ni yake. Na neno linasema Bwana ndiye aliyeleta ushindi.

Najua wengine mnasema, "Mchungaji, huyo alikuwa akilipwa mamilioni." Ni kweli, alilipwa, na silinganishi mshahara wake na biashara yako ya mitumba. Lakini pesa haimfundishi mtu kukimbia yadi 104 katika msimu uliokufa. Wapo waliolipwa vizuri na wakacheza kwa kuburuta miguu. Wapo pia walimu wa Shule ya Jumapili wasiolipwa hata nauli, nao hawajakosa Jumapili hata moja.

Mwingine anauliza, "Basi nikae hata mahali ninapoumizwa?" Hapana. Timu inayoshindwa si sawa na nyumba inayokudhulumu. Kama unapigwa, kama unanyang'anywa, kama madhabahu inatumiwa kukunyonya, ondoka na utafute msaada. Na hata Williams hakumalizia Cardinals. Mwaka wa 2001 alihamia Rams ya St. Louis. Kuhama si dhambi. Ninachopinga ni kuhama moyoni miezi sita kabla ya miguu: unakalia kiti, unashika cheo, lakini kazi umeshaiacha.

Sasa nafika mahali ambapo wahubiri wengine wangependa kumalizia hadithi kwa shangwe. Alipofika Rams, milango ikafunguka. Januari 2002, katika mechi ya mtoano dhidi ya Green Bay, alinasa pasi mbili na zote mbili akakimbia nazo mpaka kufunga. Wiki iliyofuata, dhidi ya Philadelphia, pasi aliyoinasa mwishoni ndiyo iliyowahakikishia kuingia fainali kuu, Super Bowl. Ungedhani hapo ndipo Mungu analipa ile miaka kumi, sivyo?

Walipoteza. 20 kwa 17, kwa mkwaju wa sekunde za mwisho kabisa. Hakurudi tena fainali. Alistaafu baada ya msimu wa 2004 bila pete ya ubingwa.

Hapa ndipo mafundisho yetu yanapopimwa. Kama tunakufundisha kwamba kila mwaminifu lazima apate kombe kabla ya Desemba, basi siku utakapopoteza 20 kwa 17 utaondoka na imani yako pia. Nimewaona watu wa aina hiyo. Hawakuasi kwa sababu ya anasa. Walichoka kusubiri ahadi ambayo Mungu hakuitoa. Waebrania 11:39 inatuambia wazi kwamba mashujaa wa imani walishuhudiwa vizuri na bado hawakuipokea ile ahadi. Na 1 Wakorintho 4:2 inataja sifa inayotakiwa kwa wakili: aonekane mwaminifu. Ushindi haukutajwa pale.

Je, Mungu hutoa ushindi? Hutoa, haleluya! Lakini ushindi ni wake, zamu ni yako. Usichanganye hivyo viwili.

Mwaka wa 2014, Williams aliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo kule Canton, Ohio. Waliompigia kura hawakuuliza timu yake ilishindwa mara ngapi. Waliangalia alivyocheza. Yeye leo ni mchungaji, eneo la St. Louis, akihudumu na mkewe. Kazi nyingine ya kusimama pembeni na kulinda.

Wiki hii fanya jambo moja. Chukua ile zamu uliyokuwa umeanza kuifanya nusu nusu, uifanye kamili: mazoezi ya kwaya, kumtembelea mgonjwa yule, ibada ya watoto wako jioni. Usitangaze. Fanya tu.

Baba, mtie nguvu anayelinda shamba la dengu peke yake leo. Mpe miguu ya kukimbia hata msimu unapoonekana umekufa. Kwa jina la Yesu.

Kama zamu bado ni yako, andika AMINA.