Mtangazaji, Tuhesabie Ngumi, Siyo Odi

Nilikuwa kimya kidogo kwa sababu nilikwenda nyumbani, Ruhuwiko, Songea, kumsalimia mama. Nilipanga niwaandikie habari za safari. Lakini Jumamosi usiku nilikwenda kibanda umiza cha jirani kuangalia ngumi, na tangu nitoke pale kuna jambo limenikaa kooni. Acha nilitoe.

Kiingilio mia tano, mabenchi ya mbao, watu tumebanana. Pembeni yangu alikaa dogo mmoja wa bodaboda, jirani yetu tangu yuko shule ya msingi. Tukawa tunasubiri pambano kuu. Nilitegemea tuambiwe hawa mabondia wamejiandaa vipi, nani mkono wake mzito, nani huchoka mapema, nani hababaiki akibanwa kwenye kona. Badala yake mchambuzi akaanza kutusomea odi. Huyu 1.40, yule 3.00. Eti huyu wa kwanza ni hela ya bure, wahi kabla kengele haijalia.

Dogo akatoa simu. Akaweka elfu kumi, na elfu kumi hiyo ilikuwa hesabu ya bosi wake. Raundi ya tatu, "hela ya bure" ikawa chali ulingoni. Dogo hakusema neno. Alivaa koti lake akatoka kabla mshindi hajatangazwa.

Asubuhi yake akaja kwetu. Akamwamkia mama shikamoo, kisha akanivuta pembeni. "Kaka, niazime elfu kumi. Bosi atachukua pikipiki."

Najua kuna watakaosema alaumiwe mwenyewe, ni mtu mzima. Sawa, simtetei. Lakini jamani, tutofautishe. Tangazo la biashara likipita, kila mtu anajua ni tangazo, wengine ndiyo huutumia muda huo kwenda msalani. Mchambuzi ni habari nyingine. Yule tunamsikiliza kwa sababu anaujua mchezo, wengine hata walishapanda ulingoni. Aliposema hela ya bure, dogo hakusikia tangazo. Alisikia ushauri wa mtaalamu.

Na ushauri wenyewe, ukiupigia hesabu, haupo. Chukua odi zilezile, tuache sare pembeni. Ili ulipwe 14,000 kwa bondia wa 1.40, unaweka 10,000. Ili ulipwe hiyohiyo 14,000 kwa bondia wa 3.00, unaweka kama 4,667. Kwa hiyo zimeingia 14,667 na zitatoka 14,000, yeyote atakayeshinda. Hizo 667 ni za mwenye duka. Akigawa odi zake vizuri, wala hana haja ya kujua ngumi. Je, mmewahi kumsikia mchambuzi akiyafafanua haya hewani?

Ubaya wa pili ni kwamba odi zinaua utamu wa mchezo. Kumbukeni tarehe 8 Septemba 2018, Birmingham. Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda kumfuata Sam Eggington nyumbani kwake Uingereza, na waliompa nafasi walihesabika. Akammaliza raundi ya pili! Usiku ule watu waliruka, wakakumbatiana na wasiowajua. Sasa fikiria furaha hiyo ingekatwa katikati na mtu anayetangaza kwamba waliombetia wamekula kiasi gani.

Ubaya wa tatu ndiyo mkubwa. Matokeo ya ngumi yako mikononi mwa watu wachache mno: mabondia wawili, mwamuzi mmoja, majaji watatu. Ripoti ya McLaren ya mwaka 2021 ilionyesha jinsi majaji na waamuzi walivyotumika kupanga matokeo kwenye Olimpiki ya Rio ya 2016, na pale mabondia walikuwa wanagombea medali tu. Mchezo wa namna hiyo ukiubandika odi kila raundi, bondia wetu akipigwa kihalali watu hawataulizana kakosea wapi. Wataulizana kauza kwa bei gani.

Mtaniambia, hela je? Hoja nzito hiyo. Mabondia wetu wengi wanaishi kwa kuungaunga, na mwaka 2019 SportPesa ndiyo iliyomdhamini Mwakinyo huyohuyo. Sikatai. Lakini mwaka huohuo huko Kenya, kampuni hiyohiyo ilivutana na serikali juu ya leseni na kodi, ikakata udhamini, na Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki zinatazamana. Hela ya mgeni ipokee, ila usimpe na ufunguo wa chumbani.

Uingereza kwenyewe, kwenye maduka ya kubeti tangu enzi, makampuni yalikubali kuanzia Agosti 2019 kutotangaza katikati ya michezo ya moja kwa moja kabla ya saa tatu usiku. Mwaka 2023 klabu za Ligi Kuu yao zikakubaliana kuondoa majina ya makampuni hayo kifuani mwa jezi baada ya msimu wa 2025/26. Wao wameshtuka. Sisi tunasubiri nini?

Mimi siombi kubeti kufungwe. Naomba mambo mawili tu. Odi zitoke midomoni mwa watangazaji na wachambuzi, zibaki kwenye tangazo linalojulikana ni tangazo, lenye onyo kwamba ni kwa waliotimiza miaka 18. Na mchambuzi anayelipwa na kampuni ya kubeti aseme hivyo mwanzo wa kipindi, tujue tunamsikiliza nani.

Kabla hamjanirushia mawe, nami nikiri. Siku za nyuma, kwenye kipindi cha michezo cha redio moja, nilipewa karatasi yenye odi niisome katikati ya uchambuzi. Niliisoma, tena kwa bashasha. Posho yake ilikuwa elfu ishirini.

Dogo nilimpa ile elfu kumi, nikamwambia asirudishe. Bado nadaiwa nusu.

Naomba kutoa hoja.