Matangazo ya Umma Yapitiwe Kabla ya Kubandikwa

Kwa Mheshimiwa Spika na Waheshimiwa Wawakilishi Wadi,
Bunge la Kaunti ya Nakuru.

Waheshimiwa,

Sina ugomvi na mama mboga anayeniambia, "Hizi nyanya ni mzuri, kastama." Tunaelewana, na nyongeza ananipa. Ugomvi wangu ni na matangazo yanayochapishwa kwa pesa za umma bila mtu kuyapitia.

Katika zahanati moja upande wa Njoro palibandikwa karatasi: "Watoto wenye hawajachanjwa waletwe na kadi yake." Kadi yake nani? Mama mmoja aliisoma, na siku ya chanjo akaja na kadi yake ya bima. Ya mtoto akaiacha nyumbani. Akarudishwa. "Kadi zao za chanjo" lingekuwa jibu tosha. Darasani kosa la upatanisho hukatwa alama moja. Pale mlangoni lilimla mama huyo nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, na mtoto akalala bila chanjo.

Kiswahili cha namna hii kina historia kwetu. Katika mashamba ya walowezi ya Njoro, Molo na Naivasha kilizungumzwa Kisetla, lugha ya kuamrisha, isiyojali ngeli. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara, akiwalenga wanajeshi, walowezi, wachimba migodi, wafanyabiashara na wake zao. Bwana alisema "hapana kupita", mfanyakazi akatii. Hakuna aliyetarajia mfanyakazi huyo aulize swali. Ndiyo maana inaniuma kukuta ubao wa leo ukimwambia raia "Hapana kutupa taka".

Na wajuzi tunao. Tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985, Kiswahili ni somo la lazima na hutahiniwa. Egerton, iliyoanzishwa Njoro mwaka 1939 kama shule ya kilimo ya vijana wa Kizungu, leo ni chuo kikuu kinachoandaa walimu wa Kiswahili. Wengi wanaohitimu wanazunguka na vyeti wakitafuta kazi.

Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, tena lugha rasmi. Kifungu cha 196 kinawataka ninyi muwashirikishe wananchi katika shughuli za bunge. Mwananchi atatoaje maoni kuhusu bajeti ikiwa tangazo la kikao lenyewe linamchanganya?

Ninaomba mpitishe sheria kwamba kila tangazo la kaunti kwa umma lisomwe na mhariri wa Kiswahili kabla halijachapishwa, na mhariri huyo atengewe mshahara katika bajeti ijayo. Kazi ianzie kwenye zahanati, hasa milango ya chanjo na madirisha ya dawa, kisha ihamie kwenye matangazo ya vikao vya maoni.

Wenu mwaminifu,
Mkazi wa Njoro