Aliyewasha taa za meli hawezi kusaini nyumba ya vyumba viwili

Shemeji yangu alikuwa mwanajeshi wa majini. Kazi yake ilikuwa umeme wa melini: jenereta, mota za pampu, mabodi ya swichi. Taa zikizimika usiku meli ikiwa mbali na nchi kavu, yeye ndiye aliyeamshwa. Leo amestaafu, yuko mtaani kwetu Kisauni, na hana ruhusa ya kutia sahihi nyumba ya vyumba viwili ya mama muuza mahamri.

Sheria haina utata. Chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, kazi ya kuweka nyaya za umeme ni ya mtu mwenye leseni kutoka mamlaka ya kawi na petroli, EPRA. Leseni zina madaraja, kuanzia C2 la chini kabisa, la majengo madogo ya fezi moja, hadi A1 lililo juu ya yote. Na Kenya Power kabla ya kukuletea mita hutaka cheti cha kuonyesha kwamba nyaya zimewekwa na kupimwa na mtu wa namna hiyo. Bila sahihi hiyo, hakuna stima.

Basi shemeji anafanya nini? Anafanya kazi kwa muhuri wa mtu. Yeye hupanda juu ya dari, huchimba kuta, huvuta waya, akafunga breka na soketi. Akimaliza, hupeleka karatasi kwa mkandarasi mmoja mjini, ambaye hajawahi kuiona nyumba hiyo na wala hataiona. Mkandarasi anagonga muhuri, anachukua fungu lake, mambo yanakwisha. Na si shemeji peke yake. Uliza fundi yeyote anayefanya kazi Likoni, Bamburi au Mtwapa, atakwambia muhuri hukodiwa kama mkokoteni.

Hapa ndipo linaponichoma. Karatasi ile ni ushahidi. Inasema: nimeikagua nyumba hii, nimeipima, iko salama. Anayesaini bila kuona ametoa ushahidi wa uongo, na sisi Waislamu twajua uzito wake. Moto ukitokea, mwenye muhuri atasema si yeye aliyevuta waya, na aliyevuta waya hayumo katika karatasi yoyote. Mama wa mahamri atamshika nani?

Wapo wanaosema dawa ni kuwapa wanajeshi leseni bila maswali, kwa kuwa wamelitumikia taifa. Mimi sikubali, na hata shemeji hakubali. (Diploma yangu mimi si ya umeme, nyumbani hata balbu nabadilishiwa. Haya nimeyapata kwake.) Umeme wa meli si umeme wa nyumba. Meli nyingi hutumia volti 440 na mizunguko 60 kwa sekunde, nyumbani ni 240 na 50. Kubwa zaidi ni athi. Katika meli nyingi umeme hutengwa na bodi la chuma kwa makusudi, ili hitilafu ya kwanza isizime mitambo katikati ya bahari. Nyumbani ni kinyume chake: hitilafu ikitokea wataka breka ikate papo hapo, na hilo lataka athi iliyoshika ardhi barabara. Na ardhi yetu ya Pwani ni mchanga mkavu na matumbawe. Unagongelea nondo ya athi, inafika futi mbili inakutana na jiwe, fundi mvivu anaikata hapo hapo na kuifukia. Chumvi ya bahari nayo inakula viungo. Mtu aliyekaa melini miaka ishirini lazima ajifunze haya upya na apimwe.

Kwa hiyo mtihani uwepo. Tatizo liko kabla ya mtihani, katika ushahidi wa kazi. Anayeomba leseni huonyesha vyeti vya ufundi na uzoefu wake. Kijana aliyesoma chuo akafanya kazi chini ya mkandarasi, karatasi zake zinaeleweka. Mwanajeshi uzoefu wake umo katika vitabu vya meli na kambi, na vitabu hivyo hubaki huko kwa sababu za usalama, ambazo hakuna anayezipinga. Anatoka na ujuzi wote mikononi na karatasi chache mkobani.

Wenzetu wamelitazama jambo hili. Katika jimbo la Texas, Marekani, fundi umeme wa daraja la kawaida hutakiwa kuwa na saa 8,000 za kazi chini ya fundi mkuu. Sheria ya huko inaitaka mamlaka ya leseni imhesabie mwanajeshi utumishi na mafunzo yake yaliyothibitishwa. Lakini mtihani haumsamehi. Ataufanya kama wengine. Kinachohesabiwa ni saa alizofanya kazi, na hilo tu ndilo ninaloliomba hapa.

Kwetu vifaa vipo, ila havijaunganishwa. NITA ina majaribio ya ufundi, gredi ya tatu hadi ya kwanza, ambayo hupima mikono yako na si shule uliyosoma. KNQA nayo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, imekuwa ikisukuma utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Kungekuwa na ugumu gani jeshi kumfanyisha fundi wake jaribio la gredi mwaka mmoja kabla ya kumuaga? Na kumpa barua ya lugha ya kiraia, isiyotaja meli wala kambi, inayosema alishughulikia umeme wa volti ngapi, fezi ngapi, kwa miaka mingapi? Wabunge wetu wa Pwani, ambao kila usajili wa makurutu husimama kudai nafasi za vijana wetu, sijawasikia wakiuliza vijana hao hutoka na nini.

Na wewe uliye ndani bado, usingoje barua ya kustaafu. Fanya jaribio la gredi ukiwa kazini, mshahara ukiingia, maana ukishatoka, ada, nauli na chakula cha watoto hugombania mfuko mmoja.

Shemeji ameshajiandikisha kwa jaribio la gredi. Jioni baada ya Isha hukaa barazani na kitabu cha kanuni za nyaya alichoazima kwa mpwa wake anayesoma chuo, miwani puani, akibishana na kurasa. Juzi alinifuata mlangoni. “Bwana shemeji, hebu njoo nikuonyeshe athi ya nyumba yako.” Tulichimba pembeni mwa ukuta. Nondo ilikuwa fupi kuliko mkono wangu, na cheti changu kina muhuri.