Samaki wa tangi hawachaguliwi kwa macho tu

LEO tutazungumza juu ya samaki. Si wale wa kukaangwa, bali wale wa kufugwa sebuleni katika tangi la kioo.

Nitaanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe. Binti yangu alipotimiza umri wa miaka saba nilimnunulia tangi dogo. Siku iyo hiyo nikalijaza maji ya mfereji na kutumbukiza humo samaki wa dhahabu wanne. Mtoto alifurahi kupita kiasi, akampa kila mmoja jina lake. Siku ya tano wote walikuwa wakielea matumbo juu. "Baba," akaniuliza, "ni nani aliyewaua?" Nilinyamaza, maana aliyewaua ni mimi.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Kabla ya kuvutiwa na rangi ya samaki dukani, pima tangi lako. Lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 35 hubeba lita 63 likijaa pomoni. Ukitoa nafasi ya changarawe na ya hewa, yabaki maji ya lita 50 hivi. Samaki wa dhahabu, ambaye dukani ni mdogo kuliko kidole chako, aweza kufikia sentimita 20 au zaidi, na huchafua maji mno. Huyo ni wa kidimbwi. Vivyo hivyo yule aitwaye pleko, anayesifiwa kwa kula mwani. Wako wanaopita sentimita 30.

Pili, jiulize ni nani atakayeishi na nani. Madume wawili wa samaki mpiganaji kutoka Asia hawakai tangi moja. Watararuana hadi mmoja afe. Nao fulu wa Ziwa Victoria, ingawa wanapendeza, hugombania makao na huhitaji tangi kubwa. Tena kumbuka yaliyowapata fulu hao kwao. Mbuta aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za fulu zilikuwa zimetoweka. Ikiwa ziwa zima halikuwatosha mkubwa na mdogo, sembuse lita 50?

Basi ununue nani? Tazama sufuria unayochemshia maji. Ikiwa hubakia na ukoko mweupe, kama yafanyavyo maji mengi ya visima, maji yako ni magumu, nayo humfaa gapi. Huyu asili yake ni Amerika Kusini, ni mdogo, mvumilivu na mwenye rangi tele. Chukua madume sita peke yao. Jike huzaa karibu kila mwezi, na hata akiwa peke yake aweza kuzaa mara kadhaa kutokana na dume aliyekutana naye zamani. Ikiwa sabuni hutoa povu upesi katika maji yako, basi ni laini, na waweza kumfuga neoni, mwenye mstari wa buluu ung'aao. Neoni huogopa upweke, kwa hivyo wasipungue sita. Lakini ni dhaifu. Asiwe wa kwanza kuingia katika tangi jipya.

Sasa nikueleze kilichowaua wale wanne. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Katika chujio la tangi lililokomaa wamo bakteria wanaoibadilisha sumu hiyo, lakini huchukua mwezi mmoja au zaidi kuzaana vya kutosha. Basi washa chujio, weka hita kwenye nyuzi 24 hadi 26, kisha udondoshe chembe chache za chakula kila siku ingawa hamna samaki. Mwezi ukiisha, badilisha nusu ya maji, leta samaki watatu tu, na waliosalia wafuate baada ya majuma mawili. Tangu hapo badilisha robo ya maji kila juma. Maji ya mfereji yatiwe kwanza dawa ya kuondoa klorini.

Binti yangu alililisha tangi tupu mwezi mzima, akitia alama kwenye kalenda kila jioni. Majirani walicheka. Siku gapi watatu walipoingia, hakupiga kelele kama mara ya kwanza. Alikaa kimya akiwatazama, halafu akaniambia, "Hawa tumewatayarishia nyumba, Baba."

Ewe mzazi unayekusudia kumpa mtoto zawadi hii, mpe tangi leo na samaki mwezi ujao. Huo mwezi wa kungoja ndio zawadi yenyewe.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.