AFYA NYUMBANI: Miguu inauma baada ya baiskeli

Mwezi huu tunamjibu baba mmoja anayebeba maji kwa baiskeli. Alizoea safari mbili kwa siku. Pesa ya sare za watoto ilipombana, akapiga safari nane siku moja, kila safari madumu manne ya lita 20, yaani kilo 80 nyuma yake. Kesho yake mapaja yakakaza, hata kuchuchumaa chooni ikawa shida. Anauliza: "Ni ugonjwa gani huu?"

Pole sana, baba. Mara nyingi huo si ugonjwa. Msuli ukifanya kazi kuliko ulivyozoea, unapata michubuko midogo midogo ndani. Maumivu huzidi siku ya pili au ya tatu, halafu yanapungua. Kwa kawaida wiki haiishi kabla hujapona.

Ufanye hivi:
- Acha mzigo siku mbili tatu, lakini usilale tu. Tembea polepole, au endesha baiskeli tupu mahali tambarare.
- Kunywa maji, kula vizuri na lala mapema. Maharage yanasaidia kujenga msuli.
- Anayekukanda akukande taratibu, asiponde.
- Usimeze dawa za maumivu ovyo. Baadhi zinaumiza figo, hasa mwili ukiwa umekauka maji.
- Angalia kiti. Kanyagio likiwa chini kabisa na kisigino kikiwa juu yake, mguu uwe umenyooka. Kiti kikiwa chini sana, magoti na mapaja yanateseka.
- Ukirudi kazini anza na safari mbili na mzigo mdogo, uongeze kidogo kidogo.

Sasa sikilizeni vizuri, na akina mama pia. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, nendeni zahanati siku hiyo hiyo. Msuli ulioumia sana unamwaga uchafu kwenye damu, na figo zinaweza kuharibika. Mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, msingoje. Na kama kuna homa, msiseme ni baiskeli tu: mwombe apimwe malaria.

Baba, sare inaweza kungoja wiki moja. Figo haingoji. Waeleze watoto kwa nini baiskeli imepumzika, wataelewa.

Tuonane mwezi ujao.